Mkagua Njia na Behewa la Kesho

Mume wangu Lazaro hakuwahi kununua kitu bila kukigonga. Chungu alikigonga, na hilo hata mimi hulifanya. Lakini yeye aligonga na stuli, na milango, na kitanda chetu cha harusi mbele ya seremala na mashemeji zake. Siku moja kule kwao Berega aligonga kiti cha mchungaji kabla mchungaji hajakikalia. "Kina ufa," akasema. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mchungaji alikaa kwa wasiwasi, na kabla ya Krismasi kiti kikavunjika. Sikumsifu. Mwanamume ukimsifu kwa kila jambo atakusumbua.

Kazi yake ilikuwa kukagua njia ya reli. Asubuhi na mapema alitoka Kilosa na nyundo yake ya mpini mrefu begani, spana kiunoni, na bendera mbili, nyekundu na ya kijani, akafuata njia ya Mikumi kwa miguu. Kipande chake kilikuwa maili sita, kwenda na kurudi kumi na mbili. Aligonga boliti, akagonga viungo vya reli, akasikiliza. Chuma kilichokaza kina sauti yake, na kilicholegea kina yake. Miaka mingi ya kukanyaga taruma moja hadi jingine, yale yanayolazwa chini ya reli kuzishika, ilimfanya atembee hivyo popote, kwa hatua fupi zilizo sawasawa, hata kanisani akienda kutoa sadaka. "Baba Paulina," nilikuwa nikimwambia, "hapa sokoni, hakuna mataruma." Alicheka, na hakubadilika.

Njia ile alikuwa mmoja wa walioijenga. Alibeba mataruma yake na kumwaga kokoto zake, akaijua kalvati kwa kalvati, yaani ile mifereji ya zege inayopitisha maji chini ya reli. Siku ya Uhuru mji mzima uliamka kwa ngoma, yeye akachukua nyundo. Nilimfokea sana. Akasema, "Mama Paulina, leo ndiyo siku ya kukagua mara mbili. Treni ikianguka leo, watasema hatukuwa tayari." Nikamfungia viazi vyake, akaenda zake.

Sasa nije kwenye mwaka wa sitini na nane. Masika yale mvua ilinyesha mpaka mahindi yakaoza shambani. Asubuhi moja Lazaro alifika kwenye kalvati moja upande wa Ulaya, Ulaya yetu hii ya mihogo, akagonga, akasikia sauti asiyoipenda. Si ya chuma, aliniambia baadaye, ilitoka chini, kama chungu kitupu. Treni ilikuwa inakuja, na ndani yake wakubwa waliokuwa wakienda kwenye mkutano Mikumi. Akasimama katikati ya njia na bendera nyekundu, akaisimamisha.

Mafundi walikuja, wakatazama juu juu tu, wakakaza boliti ambazo zilikuwa zimekaza. Lazaro akawaambia, "Chimbeni." Hakuna aliyechimba. Treni ilizuiwa kwa saa tatu, kisha ikapita salama, na siku mbili baadaye nyingine ikapita salama. Wakubwa walikuta mkutano umekwisha. Ikaja barua kwamba amesimamisha treni bila sababu. Wakamnyang'anya bendera zake, wakampa ufagio afagie stesheni. Barua ilisema mkaguzi mkuu wa njia atakuja mwenyewe mwisho wa mwezi kuamua kama Lazaro abaki au afukuzwe. Akifukuzwa, nyumba ya reli nayo tunaihama.

Wiki mbili alifagia. Watu walimpita wakimwita Bwana Bendera. Mimi nilikuwa tayari kupigana, na mmoja nusura nimwagie maji ya kunde. Yeye hakulalamikia ufagio wala kicheko. Kila jioni alisema neno moja tu: "Hawajachimba."

Mkaguzi alifika Jumamosi, na hakuja peke yake. Aliletwa na treni iliyofungwa behewa refu jipya, limepakwa rangi za bendera ya taifa, na ubavuni limeandikwa MAONYESHO YA USAFIRI WA JANA, LEO NA KESHO. Behewa lile lilikuwa likizunguka nchi. Lingekaa Kilosa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi lingeendelea Mikumi pamoja na mabehewa ya saruji, likiwa limepakia watoto thelathini wa shule wakatazame tembo. Paulina wetu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amekwisha kupiga pasi sketi yake tangu Alhamisi.

Lazaro aliposikia hivyo aliweka ufagio chini. "Jumatatu," alisema, "na saruji." Akavaa sare yake ya reli, tukaenda kupanga foleni.

Ndani ya behewa kulikuwa na mambo. Ofisi zote nilizowahi kuingia ziliandikwa Usiguse. Mle kila ukuta uliandikwa Tafadhali Gusa. Kulikuwa na kiti cha dereva wa basi chenye usukani unaozunguka na honi inayolia, na wazee wa Kilosa waliokuwa na wajukuu waligombea kukikalia. Kulikuwa na baiskeli isiyokwenda popote; ukiipiga pedali, taa inawaka. Kulikuwa na meza ya boliti na kokoto ili watu wa mjini wajue uzito wake. Ukutani zilichorwa treni zisizotoa moshi na barabara zinazofika Zambia. Nilizitazama nikajisikia mrefu. Nchi ya miaka saba tu, na tayari inachora ya kesho.

Mwisho wa behewa ilikuwepo meza kubwa yenye njia yetu yenyewe, kutoka Kilosa mpaka Mikumi. Milima ya plasta, vituo vya mbao, tembo wadogo, na treni ndogo ya umeme yenye mabehewa mawili. Mgeni anavuta mkono wa chuma, treni inakwenda. Kijana mmoja aliyevaa tai, anaitwa Donati, alikuwa akieleza. Kando yake alisimama mkaguzi, Bwana Onesphory. Alikuwa mdogo kwa mume wangu kwa miaka kumi hivi, lakini hakumpa shikamoo. Alitikisa kichwa tu. Hilo nililiweka moyoni.

"Karibu, mzee," alisema Donati. "Vuta mkono huu, uipeleke treni Mikumi."

"Njia imekaguliwa?" aliuliza Lazaro.

Watu waliangua kicheko. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilitazama viatu vyangu. Lazaro alitoa penseli mfukoni, akainama, akaanza kugonga ile njia ndogo kuanzia Kilosa. Tik, tik, tik, sikio karibu na meza. Alipopita kituo kidogo cha Ulaya akasimama. Akagonga tena.

"Hapa chini patupu," akasema. "Sivuti."

"Mzee, hii ni plasta tu," Donati alicheka. "Imetembea nchi nzima." Akavuta mwenyewe. Treni ikapita. Akavuta mara ya pili, ikapita, na watu wakapiga makofi. Mtu nyuma yangu akasema, "Bwana Bendera ameisimamisha na hii!"

Hapo hasira zikanipanda. Nilimtazama mume wangu na sare yake, nikaitazama ile treni inayopita kwa mbwembwe, na nikaona jambo.

"Hiyo ni tupu," nikasema kwa sauti. "Weka mzigo."

"Mama, hizi ni za maonyesho..."

"Si mmeandika Tafadhali Gusa?" Nikaenda kwenye ile meza ya boliti na kokoto, nikachota boliti kwenye kanga, nikazijaza kwenye mabehewa mawili mpaka yakafurika. "Haya, vuta sasa."

Donati akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akasema, "Vuta."

Treni ikaondoka Kilosa polepole, ikazunguka milima, ikapita Ulaya. Pale pale alipogonga kwa penseli plasta ikadidimia, behewa la kwanza likalala, la pili likalipanda, na boliti zikamwagika hadi miguuni kwa watu. Donati akainua kipande cha plasta. Kijiti kilichopaswa kuishikilia kilikuwa kimedondoka, safarini labda, na pamebaki shimo la kuingia ngumi.

Hakuna aliyecheka. Lazaro hakuitazama treni. Alimtazama Bwana Onesphory.

"Mkuu," alisema, "treni zilizopita pale baada yangu zilikuwa nyepesi. Ya Jumatatu ina saruji na watoto. Nifukuze ukitaka, lakini chimba kwanza."

"Mdharau mwiba mguu huota tende," nikaongeza. Sikuombwa.

Mkaguzi akaagiza kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, na mtaimbo na majembe. Nilitaka kupanda nikakatazwa. Nikakaa pale stesheni na Paulina, na nusu ya Kilosa ikakaa nasi, kwa maana hakuna aliyetaka kusimuliwa.

Walirudi saa kumi na moja jioni. Suruali ya mkaguzi ilikuwa na tope mpaka mapajani. Aliushika mtaimbo mwenyewe, nao ulikuwa na matope hadi ncha ya juu.

"Umezama wote," alisema mbele ya watu. "Maji yamekula udongo wote nyuma ya kalvati, reli inaning'inia. Mimi nilisoma ripoti, sikwenda kuangalia." Akaingia ofisini kwa stesheni masta, akatoka na bendera mbili zimekunjwa, akazishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Mzee Lazaro," akasema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu mume wangu, akazipokea.

Nililia, sifichi. Nililia kwa sauti, na yule niliyetaka kummwagia maji ya kunde ndiye aliyenipa leso.

Genge la mafundi wa njia lilifanya kazi siku tano, na siku hizo tano behewa likabaki Kilosa. Watu walitoka Munisagara, wakatoka Ulaya kwa baiskeli, wote wanataka kuona pale kwenye meza palipodidimia. Donati aliweka kijiti kipya, Lazaro akapagonga, akaridhika. Ndipo alipouvuta ule mkono kwa mara ya kwanza, akacheka kama mtoto.

Ijumaa asubuhi treni iliondoka na watoto wote thelathini. Mimi nilikwenda mapema kwa miguu nikasimama kando ya kalvati pamoja na wanawake wa Ulaya. Kwa watu wa reli, treni ya kwanza kupita mahali palipotengenezwa hutanguliwa na mtu. Dereva alipunguza mwendo mpaka ukawa wa kutambaa. Nikamwona Paulina dirishani na sketi yake, amesahau tembo, ananyoosha kidole mbele na kupiga kelele, "Yule baba yangu!"

Lazaro alikuwa mbele, nyundo begani, bendera ya kijani mkononi. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Alivuka kalvati kwa zile hatua zake fupi, taruma hadi taruma, na lile behewa la kesho, na mashine yake kubwa, na saruji yote, likamfuata kwa mwendo wake.