Nilidhani ni Kafili Mwingine

Makosa ni yangu. Nianze hapo kabla sijawataja wengine, maana nao nitawataja.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, Mkenya, nafanya kazi ya nyumba hapa Jeddah, mtaa wa Al-Safa. Shule niliachia darasa la tano. Kafili wangu wa kwanza, yaani mwajiri aliyenidhamini kuingia nchi hii, kule Riyadh, alikaa na pasipoti yangu miaka minne. Nilitoka kwake na ubavu uliovunjika. Tangu hapo nikiona mkataba, nausukuma mbali.

Binti yangu Nekesa alikuwa na miaka kumi na saba alipochaguliwa na kampuni moja Nairobi. Wangemsomesha chuo kikuu, siku tatu darasani, siku mbili kwao akijifunza kubuni vifaa vya elektroniki, kuchora zile njia za umeme zilizo ndani ya simu na mashine. Mwisho atoke na digrii, injinia kamili! Ila kwa umri wake walitaka sahihi yangu.

Fomu ilikuja kwa simu, Kiingereza kitupu. Nikampa Rehema, mfanyakazi mwenzangu wa nyumba ya pili, anisomee. Rehema, popote ulipo, hili ni lako! Alisoma ukurasa mmoja, akasema akimaliza lazima awafanyie kazi miaka mitatu, na cheti chake cha sekondari watakaa nacho. Akacheka: "Dada, huyo amepata kafili hukohuko nyumbani."

Neno hilo likanimaliza.

Nekesa alinieleza kwa upole, siku tatu mfululizo. "Mama, hawa ni watu wa kunifundisha." Nikamwambia halas, yamekwisha, fomu nimeifuta. Kaka yangu Wafula, aliyekuwa akimlea, akanipa nguvu: msichana na nyaya wapi na wapi. Nafasi akapewa mwenzake.

Hakulia. Nikamsifu kwa hilo, mjinga mimi!

Mwaka juzi nikapigiwa simu na namba ya hapa Saudia, inayoanza kama yangu. Ni Nekesa. Yuko Riyadh, anafulia na kupikia watu kumi na mmoja, pasipoti iko kwa madam. Wafula ndiye aliyempeleka kwa ajenti wa kazi za Uarabuni, akanificha. Nikafoka, kwa nini umesaini bila kuniuliza?

Akanijibu taratibu, "Hawa hawakutaka sahihi yako, Mama."

Sasa hutengeneza blenda na pasi za majirani wa madam. Huchora njia zake za umeme kwenye maboksi ya maziwa, kisha huyatoa na takataka mwenyewe, madam asiyaone.

Ile fomu ya kampuni bado anayo kwenye simu yake. Juzi alinisomea ukurasa wa pili, ambao Rehema hakuufikia: mwanafunzi anaweza kuacha wakati wowote, akitoa notisi ya mwezi mmoja, na cheti chake anarudishiwa.

Mwezi mmoja tu!

Wazazi wenzangu mlioumizwa huku, karatasi ya mtoto isomwe yote, na asome mtu asiye na kidonda. Ya Nekesa mimi niliisoma kwa ubavu wangu uliovunjika.