Hewa Safi Iko Ofisini

Hapa Buffalo, Marekani, ukungu mweusi umepanda ukutani mpaka juu ya kitanda cha mwanangu, kifua chake kinalia, mimi naogopa kweli, basi nikambeba hadi ofisi ya mwenye nyumba. Meneja akakunja pua.

"Ni yale majani yenu, Mama, mnachemsha kutwa. Fungueni madirisha!"

"Na theluji hii? Mbona kwako hakuna ukungu?"

Akaonyesha darini kwa fahari. "Mashine ile inatoa nje hewa chafu, na joto la hewa hiyo linapasha moto hewa safi inayoingia."

"Na kwetu?"

"Subirini fundi."

Bon, tunasubiri. Kila asubuhi mimi na mtoto tunakaa pale chini ya mashine, analala vizuri. Kesho naleta na sufuria ya sombe, majani yale yale, nichemshe pale kutwa, tuone ukuta wa meneja.