Waliobaki Malishoni

Kondoo wa kiangazi wana harufu yao. Si ile ya wakati wa mvua, ya ngozi iliyolowa na majani mabichi. Ni harufu kavu ya vumbi, ya samadi iliyosagika, ya mnyama aliyeshinda na kiu. Mwaka ule, katikati ya miaka ya hamsini, harufu hiyo ilituingia kwenye nguo mpaka kwenye uji. Tulikaa bara ya Kwale, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka baharini, katika nchi ya miiba na udongo mwekundu. Baba alikuwa na kondoo na mbuzi wapatao mia, na hakujaliwa mtoto wa kiume. Waliomsaidia kuchunga tulikuwa sisi mabinti zake wawili: mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wangu Mbodze, wa miaka sita.

Kila Jumapili alitujia mwalimu wa dini, mtu wa makamo kutoka Rabai tuliyemwita Mwalimu Yohana. Alifundisha kwenye banda la makuti, na watu walikwenda kumsikiliza, waliobatizwa na wasiobatizwa. Siku moja alileta picha ya mchungaji mwenye kanzu nyeupe, amembeba kondoo shingoni. Huyu ni Yesu, alitueleza, na Mungu humtunza mtu kama mchungaji anavyotunza kundi lake. Katika kondoo mia akipotea mmoja, huwaacha wale tisini na tisa, akamfuata aliyepotea mpaka ampate. Baba, ambaye hakuwa amebatizwa, alikuwa ameketi nyuma.

"Mwalimu, samahani," alisema, "aliyechora picha hii hakuwahi kuchunga. Kanzu nyeupe namna hii, malishoni?"

Watu wakacheka, na mwalimu pia. Baba akauliza tena, safari hii bila mzaha, "Na hao tisini na tisa, alimwachia nani?"

"Wako mikononi mwa Mungu, mzee wangu."

"Huku kwetu wangekuwa mikononi mwa fisi," baba alijibu.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama yule kondoo wa kwenye picha, jinsi alivyotulia, miguu yake yote imeshikwa, na nikatamani niwe mchungaji wa namna hiyo.

Visima vilipokauka, baba aliamua kulihamishia kundi karibu na mto Ramisi. Mama alibaki kumuuguza bibi, nasi tukafuatana na baba. Tulikuwa hatujafika mtoni bado. Alasiri moja, tukiwa tumelipumzisha kundi kwenye uwanda usio na mti hata mmoja, nilihesabu nikaona kondoo jike mmoja mwenye mimba hayupo. Sikumwambia baba. Aliyepotea alikuwa wangu kumfuata, niliwaza, nami ningerudi nimembeba na wote wangeona. Nikaingia porini kimya kimya. Kondoo sikumwona, na nilipogeuka kurudi, kila kichaka kilifanana na mwenzake.

Yaliyotokea nyuma yangu niliyajua baadaye, kwa kinywa cha baba mwenyewe. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamshika Mbodze mabegani. Mtoto alikuwa amechoka, kutwa nzima amekwenda kwa miguu, na kumkokota miibani kungemchelewesha.

"Kaa hapa na kondoo, mwanangu," alimwambia. "Usisogee. Namfuata dada yako, narudi sasa hivi."

Kibuyu cha maji alikichukua yeye, kwa kuwa aliyepotea ndiye angekuwa na kiu. Alidhani angerudi kabla ya jua kutua. Alinipata kesho yake adhuhuri, kwenye korongo kavu, miguu imejaa miiba. Hakunigombeza. Alininywesha polepole, akaniinua akaniweka mabegani, akaishika miguu yangu kwa mikono miwili. Nilikuwa na furaha njia nzima. Hilo ndilo ninaloona uzito kulisema, lakini nalisema: nilikuwa na furaha, na sikuuliza Mbodze yuko wapi.

Uwandani hapakuwa na kondoo hata mmoja. Kiu iliwashinda, wakanusa maji mbali wakaenda zao. Mbodze alikuwa pale pale alipoachwa, amelala ubavu juani, kanga imemfunika kichwa. Kilichobaki kibuyuni baba alimtilia mdomoni tone kwa tone. Alifumbua macho.

"Baba, kondoo wameondoka," alisema. "Mimi sikusogea."

Baba alimbeba yeye, nami nikafuata kwa miguu yangu. Tulishika njia ya pwani, tukikusudia kumfikisha hospitali ya Msambweni. Siku ya pili asubuhi, tulipofika kijiji cha Munje, mwili wake ulikuwa unawaka na hatukujua tena kama anatusikia. Mama mmoja wa Kidigo, Bi Mwanasha, alituona tukipita uani kwake, akatutandikia mkeka bila kuuliza sisi ni nani wala dini yetu ni ipi. Alimkanda mtoto kwa maji, akampa ya madafu kwa kijiko. Mbodze alifia mikononi mwake kabla ya adhuhuri. Yeye ndiye aliyemwosha, na mumewe akatupa mahali pa kumzika, shambani mwao, chini ya minazi.

Tuliporudi nyumbani, Mwalimu Yohana alikuja kuhani msiba. Nadhani alikuwa amejitayarishia maneno, maana alianza kusema kuhusu furaha ya aliyepatikana. Baba alimkatiza kwa upole.

"Mwalimu, nilifanya kama ulivyosema. Niliwaacha nikamfuata mmoja."

Mwalimu aliketi chini na viatu vyake, akalia mbele ya watoto na wanawake. Kesho yake alifuatana na baba kutafuta kundi, wakazunguka siku nane, wakarudi na kondoo kumi na saba. Mafundisho baba hakuyahudhuria tena, ila mimi hakunikataza, na nilipobatizwa alikuja akasimama mlangoni.

Sasa njia ile ya pwani ni barabara. Mwendo uliotuchukua siku mbili, tukiwa na mtoto mgonjwa, wajukuu wangu wanaumaliza kwa gari kabla chai ya asubuhi haijapoa tumboni. Mtoto akichelewa kutoka shule, simu tano zinapigwa. Nafurahi kuwa hivyo, ingawa huwa nawaza ni kiasi kidogo gani cha haya kingetutosha siku ile.

Baba hakuiona barabara. Mwaka wake wa mwisho, akili ikiwa imempungua, alikuwa akiniita Mbodze. Mara ya kwanza nilimsahihisha. "Baba, Mbodze alifariki, tulimzika Munje." Alinitazama kama mtu anayepewa habari hiyo kwa mara ya kwanza, akajifunika uso kwa mikono. Sikumsahihisha tena. Kila alipoita jina hilo niliitika, nikaenda kuketi karibu yake, naye akanishika mkono akatulia.