Panya Katika Sanduku la Anyango

Tarehe tisa Juni mwaka jana nilimpoteza mke wangu Anyango, na kwenye mazishi yake sikutoa chozi hata moja. Naanza na hilo kwa sababu aibu ninayowasimulia ilianzia hapo. Kwetu mtu akifiwa hulia mpaka kijiji cha pili kisikie, lakini mimi nilisimama kando ya kaburi kimya kama nguzo ya stima (sijui kulia mbele ya watu, sijawahi kujua), na mama mkwe wangu kutoka Muhoroni akaniona. Tangu siku hiyo hakunipa zaidi ya salamu.

Sasa, Anyango alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na desturi yetu ni kwamba sare ya kiongozi aliyefariki, gauni jeupe na kilemba cha buluu, hurudishwa mbele ya waumini wote ili anayemrithi avishwe. Mimi niliahirisha miezi na miezi. Sare ilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda, nyumbani kwangu Kaloleni, na nilijua nikilifungua tu harufu ya poda yake itatoka iishe, nami nitabaki na nini? Mwishowe Mama Beldina, aliyechaguliwa kumrithi, akaniambia ni Jumapili hii, na kwamba mama mkwe anakuja.

Asubuhi nikavuta sanduku, nikaona pembe moja imetafunwa, tundu la kuingia vidole viwili. Mtu mwenye akili angefungua aone. Mimi nilichukua gazeti nikaziba, nikapiga selotepu juu yake, nikapanguza vumbi, nikaenda zangu kanisani. (Mkwaruzo nilikuwa nausikia wiki nzima, nikajidanganya kuwa ni darini kwa jirani, na kusema kweli ulinipunguzia upweke.)

Nikaitwa mbele, nikaweka sanduku sakafuni karibu na madhabahu, mama mkwe ameketi benchi la kwanza ananitazama. Mama Beldina akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili kwa heshima, akainua gauni, au niseme kilichobaki, maana mkono mmoja wa gauni ulikuwa umegeuzwa pamba, na kutoka kwenye mikunjo vikadondoka vitoto vya panya, vyekundu, havina hata unyoya, na mama yao akaruka juu ya bega la Mama Beldina akapotelea chini ya mabenchi.

Sitaki kukumbuka kelele zile. Akina mama walipanda juu ya mabenchi na viatu vyao vya Jumapili, mpiga ngoma akapanda juu ya ngoma. Kisha watu wakaanza kucheka, wakidhani yamekwisha, na hapo panya akarudi. Alipita katikati ya miguu yote ile, mchana kweupe, akabeba kitoto kimoja kwa mdomo, akakimbia nacho chini ya kitambaa cha madhabahu, akarudi tena kuchukua kingine. Mzee Okello, mzee wa kanisa, akavua kiatu akamngoja. Panya alimwona, nina hakika alimwona, na akaja vilevile.

Nikajikuta nimesimama kati ya kiatu na panya, mimi ambaye hata amina husema moyoni.

"Mzee, muache," nikasema. "Ana watoto."

Hapo hapo nikaanza kulia. Si kulia kwa adabu, ni kamasi na kwikwi na mabega, mbele ya kanisa zima, kwa ajili ya panya. Nyuma nikasikia mwanamke akisema kumbe huyu hulia, na mwenzake akamjibu ngoja afiwe na paka.

Mchungaji akasimamisha ibada mpaka kitoto cha mwisho kikahamishwa. Mimi nilitoka nje nikasimama ukutani. Mama mkwe akanifuata, akasimama mbali kidogo, kwa maana kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani ovyo.

"Baba Atieno," akasema, "mwanangu hukumtolea chozi. Panya umemlilia mpaka shati limelowa."

Nikamwambia ukweli, kwamba siku ile machozi sikuyapata, na leo yametoka bila ruhusa yangu. Akalitazama shati lile. Kisha akasema Anyango alipokuwa mchanga alishikwa na degedege, yeye mwenyewe akambeba akapita katikati ya mashamba ya miwa yanayowaka moto kumfikisha kwa daktari, na woga ulimjia baada ya kufika.

Binti yangu Atieno, anayesomea bayolojia chuoni, alikuwa amekuja na leso. "Hata panya ni hivyo, Dani," akamwambia nyanya yake, na akatueleza kwamba panya jike ambaye hajazaa huchukia harufu ya vitoto na kuvikwepa, lakini akikaribia kuzaa homoni zake hubadilika na ubongo nao hubadilika, harufu ileile inaanza kumvuta, na akinyonyesha woga wake hupungua, na kukaa na wanawe kunampa raha hata kuliko chakula. Nilivyoelewa mimi, ndivyo hivyo.

Tangu siku hiyo sizibi tundu kabla ya kuchungulia.

Mama Beldina akatoka amevaa gauni la mkono mmoja, akiwa ameshika kilemba, ambacho panya hakukigusa. Mama mkwe akakichukua, akakinusa kwa muda mrefu, kisha akaninyooshea kutoka pale pale alipokuwa. Nikanusa. Poda ilikuwepo, na panya kidogo. Tukacheka sote wawili, Mama Beldina akainamisha kichwa, na mama mkwe akamfunga kilemba.