Shimo la Wataalamu

Katika kijiji kimoja cha upande wa Mlali, wilaya ya Kongwa, kuna wanaume wanaoweza kukueleza habari za ardhi tangu asubuhi hadi jua linapotua bila kuinuka kwenye benchi. Watakuambia udongo upi unafaa mtama, upi wa alizeti, upi wa kufyatulia matofali. Ukiwaomba wakuoneshe kwa jembe, kila mmoja anakumbuka kiuno chake. Bingwa wao alikuwa Zablon, na Zablon alikuwa na mke, Erica, ambaye kijijini wanamwita Mama Violeth.

Habari hii ni ya Erica. Zablon yumo kwa sababu hakukosekana kamwe mahali penye chakula.

Erica alipoolewa, wakwe zake walimpa shamba la bondeni ambalo hakuna aliyelitaka. Lilikuwa pori la majani marefu chini ya kilima, na wakwe waliona kumpa mkamwana pori ni njia nzuri ya kumpima. Alilivunja peke yake, msimu baada ya msimu, mtoto mgongoni. Zablon alifika siku ya kwanza. Akachota udongo kiganjani, akaunusa, akatikisa kichwa kama mganga, akasema, "Huu sasa ndio udongo." Kisha akarudi nyumbani kupumzika. Mchango wake katika kilimo cha familia ukaishia hapo.

Na cha kuudhi ni kwamba alisema kweli. Pale kijijini ardhi karibu yote ni nyekundu, na wekundu huo umewapumbaza wengi. Zamani Wazungu wa mradi wa karanga walifika Kongwa na matrekta yao, wakaona wekundu, wakashangilia. Jua lilipowaka ardhi ikakauka ikawa sakafu ya saruji, karanga zikabaki humo humo, wao wakafungasha. Wanakijiji bado wanawacheka, halafu wanakwenda kupanda kwenye ardhi ile ile na kumlaumu Mungu kwa mavuno. Shamba la Erica lilikuwa jambo jingine. Jembe lilizama lote, na kilichoinuka hakikuwa chekundu kwanza. Kilikuwa cheusi chenye wekundu kwa mbali, laini, kimejaa nyungunyungu. Wekundu wenyewe ulikuja baadaye, chini.

Mwaka ambao mvua zilikatika mapema, kijiji kizima kikaenda kununua mahindi, Erica akavuna. Majirani wakasema ana dawa. Zablon, kwenye benchi, akasema ni utaalamu wake wa kuchagua shamba.

Kiangazi kilichopita wakaja wataalamu wa udongo kutoka Dodoma. Mkubwa wao alikuwa Cecilia, dada mmoja wa miwani, mpole, ambaye Erica alimdharau tangu aliposhuka garini kwa sababu ya weupe wa raba zake. Zablon alikwisha kuwadaka barabarani na kuwaleta.

"Karibuni shambani kwangu," alisema, mikono imefunguka kama mchungaji.

"Asante, baba. Samadi umeweka mara ya mwisho lini?" Cecilia akauliza.

Zablon akamgeukia mkewe. Erica akamwacha aning'inie hapo kidogo, kisha akajibu yeye.

Wakaomba kuchimba shimo, wakawapa kazi hiyo vijana wa kijiji. Vijana hao ndio wachimbaji wa makaburi. Makaburi ya pale yako kwenye mteremko wa kilima, ambako sururu ikigonga inatoa cheche, na kaburi moja huwatoa jasho kutwa nzima na kesho yake. Bondeni kwa Erica walimaliza kabla ya chai ya saa nne. Walitoka shimoni wakitazamana, kana kwamba wametaniwa. Kuta zilisimama wima, hazikumeguka, wala hapakuwa na jiwe hata moja.

Cecilia akaingia shimoni na raba zake nyeupe. Akakwangua ukuta kwa kisu kuanzia juu hadi chini, akalinganisha rangi na kijitabu chake, akaloweka udongo kidogo na kuuviringisha vidoleni kuona utajikunja au utakatika. Chini kabisa, penye vidoadoa vyeupe, akadondosha tindikali, na udongo ukatoa povu. Erica alikuwa amekuja kucheka. Akajikuta amechutama ukingoni.

"Shuka uone, mama," Cecilia akamwambia.

Akashuka. Shamba alilolilima nusu ya maisha yake akaliona kwa ubavuni kwa mara ya kwanza.

"Huu hatuuweki fungu moja na ule wa jirani yako, hata kama wote unaitwa mwekundu," Cecilia akasema. "Hatupangi udongo kwa rangi ya juu tu, tunaupanga kwa tabaka zake. Ona hili la juu, nene, jeusi, laini. Hiyo ni mizizi ya majani, imekufa na kuoza hapa tangu enzi za mababu. Halafu hapa wekundu unaanza, na udongo wa mfinyanzi unaongezeka kadiri unavyoshuka, kwa sababu maji ya mvua yanaushusha pole pole. Vile vyeupe chini ni chokaa. Na hakuna mwamba, hakuna tabaka gumu. Mizizi inakwenda inakotaka."

"Unaitwaje?"

Cecilia akataja jina refu.

"Hilo ni jina la ugonjwa," Erica akasema.

Cecilia akacheka. "Basi uite udongo mwekundu wa nchi ya majani. Wenzangu wamekwisha kuchimba kijiji kizima, mama, tumeukuta kwenye kipande hiki tu. Ulinde. Hili tabaka la juu likiondoka, wewe hutaliona tena, wala wajukuu zako."

Erica akapitisha kidole kwenye lile tabaka jeusi. Alikasirika kidogo kusikia kwamba majani yalimtangulia kazi, maana miaka yote alijua ni jasho lake peke yake. Lakini aliukubali ule ukweli. Yule dada alikuwa ameupata kwa kuchafua raba zake.

Hapo ndipo Zablon alipotaka kupigwa picha. Akashuka shimoni na koti lake la Jumapili, akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akawatazama watu waliojaa juu.

"Mtu akilazwa humu hata parapanda ataisikia kwa mbali," akasema. "Jamani, mimi nikifa nilazeni hapa hapa."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Cecilia akaomba shimo liachwe wazi, wenzake watakuja kuchukua sampuli wiki inayofuata. Wakalizungushia miba, wakaondoka. Hao wenzake hawakuonekana mpaka leo. Wana ratiba zao.

Zablon alikufa kabla kiangazi hakijaisha. Presha ilimwangusha pale pale kwenye benchi, akicheza drafti, na wanasema mchezo ulikuwa upande wake. Violeth, binti yao, akaja kutoka Dodoma mjini. Turubai likafungwa, wanawake wakabandika masufuria. Erica alikaa kwenye mkeka na macho makavu. Alimpenda yule mwanaume, na hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote. Watu wakanong'ona kwamba mjane hana uchungu.

Asubuhi ya maziko Nathanaeli, kaka wa marehemu, akasimama katikati ya waombolezaji. Nathanaeli ni Zablon yule yule, ametolewa ucheshi. Akakohoa.

"Ndugu zangu, marehemu aliacha wosia. Wote mliusikia kwa masikio yenu, alisema azikwe shambani kwake bondeni. Na kwa mapenzi ya Mungu shimo lipo tayari. Sisi tuliobaki tumekubaliana kwamba wakati wetu ukifika tutamfuata hapo hapo, ukoo ulale pamoja."

Wanaume wakaitikia kwa sauti moja. Hakuna jambo ambalo wanaume wa kijiji kile wamewahi kukubaliana haraka namna ile. Hata wale vijana wachimbaji, sururu zikiwa miguuni, walionekana kama watu walioachiwa kutoka mahabusu.

Erica akaelewa mara moja. Udongo mmoja tu kijiji kizima, na waliuona uzuri wake mara moja tu, siku walipotambua kwamba unachimbika bila kutoka jasho. Waliukazia macho ukuta ule wa tabaka zote, kazi ya majani ya enzi na jasho la mwanamke, wakaona kaburi. Akiingia mmoja wataingia wote, na juu ya makaburi haipandwi hata punje. Violeth na watoto wake wangebaki kulima saruji ya Wazungu wa karanga.

Akainuka kwenye mkeka. Mjane hainuki hivyo, na watu wote wakamgeukia.

"Shemeji, hilo shamba la nani?"

"La marehemu kaka yangu, Mama Violeth. Usituletee maneno siku kama ya leo."

"Nionesheni tuta moja alilolima."

 Mchungaji akajaribu kuliokoa jahazi. "Mama, tuwe na subira. Wosia wa marehemu huheshimiwa."

"Sawa, baba mchungaji. Lakini Zablon aliacha wosia nyingi. Kila masika aliniambia mbele ya watu, kesho nakuja kukusaidia kulima. Nathanaeli alikuwepo, ni shahidi. Tuanze kutimiza ule wa kwanza. Hapo kuna majembe. Limeni masika zote ninazomdai, mkimaliza tuje kwenye huu wa shimoni."

Mwanamke mmoja nyuma ya masufuria akapasuka kicheko, akajiziba kwa khanga.

"Unamdhalilisha marehemu!" Nathanaeli akapaza sauti.

"Nyie ndio mnamdhalilisha. Mnataka kumzika mtu kwenye shimo la sampuli kwa sababu mnaogopa kilima. Semeni tu mnaogopa kilima, tuwahurumie. Baba yenu yuko kilimani. Mama yenu yuko kilimani. Mume wangu hakuingia shamba lile akiwa hai na nguvu zake, hataingia leo akiwa amebebwa."

Akainama, akaokota sururu miguuni mwa kijana mmoja, akaiweka begani, akashika njia ya kilimani.

Pale kwao mwanamke hachimbi kaburi, na mjane ndiyo kabisa. Walidhani atarudi kutoka kwenye kona. Hakurudi. Sauti ya sururu ikaanza kusikika kutoka mteremkoni, kavu, chuma kwenye mwamba, na watu chini ya turubai wakaanza kutazama viatu vyao. Kwenye kila msiba wa mahali pengine hadithi hii ingesimuliwa, hadi Dodoma, kwamba kuna kijiji ambako wajane huchimba na wanaume hukaa kwenye viti. Uvivu wanauweza, aibu ya namna hiyo ilikuwa nje ya uwezo wao. Nathanaeli ndiye aliyetangulia kukimbia, koti likipepea, akamnyang'anya sururu mikononi.

Walichimba siku hiyo yote, wakalaani mwamba, wakalaani wanawake wa siku hizi, mazishi yakasogezwa hadi kesho yake. Erica akawapelekea ugali na maji, hakuwasemesha. Alasiri akashuka bondeni na Violeth, wakaondoa miba, wakafukia shimo la wataalamu. Walirudisha kwanza wekundu wa chini, kisha wekundu wa kati, na wa juu ukabaki juu, kama Cecilia alivyoupanga. Ule wa juu Erica hakuurudisha wote.

Kesho yake jeneza likashushwa kwenye lile shimo la kilimani, lililopinda, lenye kuta za kokoto. Mchungaji akamaliza sala. Watu wakapita mmoja mmoja kutupa udongo, na mabonge yakawa yanagonga ubao kama mawe. Zamu ya mjane ilipofika, Erica hakuinama kuchota. Violeth alimletea karai lililofunikwa khanga. Akaifunua. Ulikuwa udongo mweusi wenye wekundu kwa mbali, laini, bado una unyevu na nyungunyungu wake. Nathanaeli akautambua, akainamisha kichwa.

Erica akapiga magoti ukingoni, akaumwaga pole pole juu ya jeneza, mpaka karai likawa tupu, na ule haukutoa sauti yoyote. Machozi yaliyokuwa yamegoma siku zote za msiba yakamtoka kwa pamoja, hakuyafuta.

"Fungu lako hilo, Zablon," akamwambia. "Nimelichimba mimi, kama siku zote."