Mnyororo Uliokaza na Kulegea

Raymundi Lugembe alijifunza kupasua mbao akiwa juu ya shimo. Enzi hizo, huko Kwihara, gogo lililazwa juu ya shimo refu, mtu mmoja akasimama juu yake, mwingine akashuka chini, wakavutana msumeno kutwa nzima. Raymundi alikuwa mtu wa juu, anayefuata mstari. Wa chini, anayekula vumbi la mbao, alikuwa rafiki yake Elieza. Walizoeana hivyo miaka mingi, mpaka Elieza akamwoa Getruda, dada mkubwa wa Raymundi, wakawa mashemeji.

Watu walipohamia vijiji vya ujamaa, familia hizo mbili zilipangiwa kijiji kipya kilichotenganishwa na stesheni ya Kigwa na mbuga pana. Kiangazi mbuga hiyo hukauka ikapasuka, unaivuka kwa baiskeli bila kushuka. Mvua zikinyesha inageuka maji na matope. Katika mvua za mwaka wa kwanza mama mmoja alishindwa kujifungua. Walimbeba kwenye machela hadi ukingoni, wakakaa naye pale wakiyatazama maji. Akajifungulia palepale; mtoto alipona, mama hakupona. Baada ya mazishi mkutano wa kijiji ulikata shauri: mvua nyingine zisitukute bila daraja.

Daraja lilitaka magogo manene ya mninga na mkurungu. Kwa mashoka na msumeno wa mkono wangefanya kazi mpaka mvua ziwakute. Kijiji kikapewa msumeno wa mnyororo, mashine ya petroli iliyokwisha kutumika kwingine, na Raymundi akapelekwa kufundishwa. Alirudi ameipenda. Mti uliokuwa ukiwachukua asubuhi nzima sasa ulianguka kabla uji haujapoa, na Elieza, aliyebaki kuwa msaidizi wake, alisema kwa mara ya kwanza maishani anakula chakula kisicho na vumbi la mbao.

Kisha mnyororo ukaanza ukaidi. Raymundi aliukaza asubuhi kama alivyofundishwa, ukashika vizuri kwenye lile bamba la chuma unalolizunguka. Alipouzungusha kwa mkono kidogo, ukaning'inia chini ya bamba kama kamba ya nguo. Akauzungusha tena, ukakaza hadi usisogee. Akiukaza pale unapolegea, mashine ikiwaka bamba linatoa moshi. Akiulegeza pale unapokaza, unataka kuchomoka.

Siku moja ulichomoka kweli. Raymundi alikuwa amezima mashine mara kadhaa kuurekebisha, na kila alipoiwasha aliona moshi. Elieza alikuwa kando anaondoa matawi. Mnyororo uliruka ukamchapa kwenye shavu la mguu, nyama ikafunguka. Wanaume walimbeba kukimbilia stesheni. Mbuga ilikuwa kavu, wakaliwahi gari moshi la kwenda Tabora, na hospitali ikamshona. Daktari alisema mfupa haukuguswa.

Getruda aliporudi kutoka kumwona mumewe hospitalini, Raymundi alimfuata nyumbani.

"Shikamoo, dada."

Getruda hakuitikia. Aliendelea kupepeta mtama.

"Dada, sikujua kama ungechomoka."

"Moshi uliuona?"

"Niliuona."

"Ukaendelea kukata."

Raymundi alisimama pale mpaka mtama ungoni ulipokwisha, akaondoka. Mke wake, Eustadia, alimwambia dada mtu atatulia, lakini wiki ikapita, wanakutana kisimani, Getruda anageuza uso.

Mwenyekiti wa kijiji, Shilinde, alikuja kumsihi Raymundi airudie kazi. Hakuwa mkali, alikuwa na wasiwasi tu, kwani mawingu yalikwisha kuanza kukusanyika upande wa machweo.

"Ndugu Raymundi, magogo yamebaki machache. Huwezi kuukaza katikati, usikaze sana wala usilegee sana?"

"Ndivyo nilivyofanya, Ndugu Mwenyekiti. Ndiyo katikati hiyo iliyompiga shemeji yangu. Siiwashi mpaka nijue ina nini."

Akaketi na mashine kibarazani kwake. Alidhani labda baadhi ya viungo vya mnyororo vimegandishwa na utomvu wa miti, kwa hiyo akauloweka kwenye mafuta ya taa na kukunja kiungo kimoja kimoja kwa vidole. Vyote vilikunjika kwa urahisi. Akaligeuza bamba juu chini, akalitazama kama limepinda. Lilikuwa limenyooka. Akayaangalia na meno ya gurudumu linalouvuta mnyororo, yakawa mazima. Mwisho akatoa mnyororo mpya, wa pekee uliokuwa umebaki, akauvalisha. Ukakaza na kulegea vilevile.

Hapo alivunjika moyo, lakini pia alipata kitu: kama mnyororo mpya unafanya vilevile, basi ubaya hauko kwenye mnyororo. Akaitia mashine kwenye gunia akapanda gari moshi kwenda Tabora.

Mjini kulikuwa na fundi aliyeitwa Salmini bin Humaidi. Baba yake na babu yake walikuwa wafanyabiashara, lakini yeye tangu utoto alipenda vyuma kuliko duka, na sasa alitengeneza baiskeli, vyerehani na mashine za kusaga. Msumeno wa namna ile hakuwahi kuufungua.

"Shikamoo, mzee Salmini."

"Marahaba. Karibu ndani, tua mzigo. Kahawa kwanza, habari baadaye."

Raymundi hakuweza kungoja. Alieleza yote, pamoja na habari ya mguu wa Elieza, na kikombe kikapoa mkononi mwake. Salmini aliuzungusha mnyororo taratibu, akauona unakaza na kulegea.

"Hii naijua kwa baiskeli," alisema. "Kuna baiskeli ukikanyaga pedali, mnyororo unakaza na kulegea kila ukizungusha. Pale gurudumu la meno halizunguki katikati yake. Lakini hapa sina hakika. Nitajuaje ni gurudumu na siyo mnyororo?"

Raymundi alifikiri. Akatoa mfukoni chaki aliyozoea kupigia mistari kwenye magogo.

"Tuweke alama moja kwenye mnyororo," akasema, "na nyingine kwenye gurudumu la meno."

Wakaweka. Salmini akazungusha, Raymundi akaangalia. Alama ya mnyororo ilizunguka bamba lote, na mnyororo ukawa unakaza popote alama ile ilipo, mbele, nyuma, juu, chini. Lakini kila ulipokaza, alama ya gurudumu la meno ilikuwa juu. Kila mara, bila kukosa.

"Lione," alisema Raymundi kwa sauti ndogo.

Walifungua. Meno yenyewe yalikuwa mazima, na ndiyo maana Raymundi alipoyaangalia kijijini hakuyashuku. Lakini tundu la katikati, linapopita ekseli, lilikuwa limelika upande mmoja hata limekuwa na umbo la yai, na beringi iliyokuwa ndani yake imesagika. Gurudumu lilikuwa linayumba: likipanda linauvuta mnyororo, likishuka linauachia.

"Kwa hiyo hata ningeukaza namna gani?" aliuliza Raymundi.

"Ungeukaza mpaka kiama, bwana. Hapakuwa na kukaza kulikokuwa sawa."

Raymundi aliweka kikombe chini. Akacheka, kisha akagundua kwamba machozi yanamtoka, akajifuta kwa mkono wenye grisi. Salmini alijifanya anatafuta spana.

Vipuri havikuwapo mjini, na Dar es Salaam ilikuwa mbali. Salmini akalifunga gurudumu kwenye mashine yake ya kukereza vyuma. Alilipima kwa kufuata meno, siyo tundu lililoharibika, akalitoboa upya likawa duara, kisha akachonga bushi, yaani pete ya shaba, ikaingia pale kwa kubana. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili kikakaa. Walipovalisha mnyororo na kuuzungusha, ulikuwa sawa mzunguko mzima.

"Usisahau kuipaka mafuta hapa ndani," alisema Salmini. "Na umsalimie shemeji yako."

Elieza aliporuhusiwa kutoka hospitali walirudi pamoja. Kesho yake, akitembelea fimbo, alikwenda porini akaketi kwenye kisiki, hataki kusikia habari ya kubaki nyumbani. Getruda alimfuata, kanga imefungwa kiunoni. Raymundi aliitua mashine, lakini hakuiwasha. Alimgeukia dada yake.

"Njoo uushike mwenyewe."

Getruda alisita. Kisha akajifunga kitambaa kizito mkononi, akainama, akauvuta mnyororo. Akauinua kidogo kwa vidole, akauachia. Akauvuta tena, akauinua. Alirudia hivyo mpaka umemaliza kuzunguka, kisha akarudia tena, na hakuna aliyemharakisha.

"Mahali pote ni sawa," alisema Getruda hatimaye. Akasimama. "Ikitoa moshi?"

"Nazima. Siulizi mtu."

"Basi washa, mdogo wangu."

Lile neno la mwisho Raymundi alilisikia vizuri. Alivuta kamba, mashine ikanguruma, na msumeno ukaingia kwenye mninga ukitoa unga mwekundu, bila moshi. Elieza alipiga kisiki kwa fimbo yake akishangilia kama mtu aliye mpirani.

Daraja lilikamilika mvua za kwanza zikiwa zimekwisha kunyesha upande wa Kigwa. Siku maji yalipoifikia mbuga, watu walitoka kuyatazama yakipita chini ya magogo. Raymundi alivuka hadi ng'ambo, akarudi, kisha akaenda nyumbani, akajilaza kwenye kitanda cha kamba, akalala usingizi mzito mchana kweupe huku mvua ikipiga paa. Eustadia aliwafukuza wageni wote mlangoni. Getruda peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuingia, akaweka bakuli la ugali na maziwa karibu na kitanda, akatoka bila kumwamsha.