Mawese ndani ya shasi ya mdogo wangu

Mdogo wangu hubeba makayabo kwa pikipiki. Anapakia hapa Bukavu samaki wale wa chumvi, wagumu kama mbao, anawapeleka Kamituga kwa wachimbaji wa dhahabu, na juu yao anaongeza mifuko ya chumvi ya kupikia. Njia ni matope mwaka mzima. Mvua ikinyesha juu ya mzigo kama ule, maji ya chumvi yanatiririka kwenye portbagaji, kile kichanja cha mzigo nyuma ya kiti, na kuingia ndani ya mabomba ya shasi, mifupa ya pikipiki. Pikipiki iliyotoka dukani haivumilii. Inakatika chini ya kiti, na kwa kawaida inakatikia mahali ambapo hakuna mtu wa kukusaidia kuisukuma.

Kwa hiyo motari wa makayabo, mwendeshaji kama mdogo wangu, hanunui pikipiki akaipanda hivyo hivyo. Anatengenezesha yake. Injini inatoka kwenye moja, magurudumu kwenye nyingine, shasi inakatwa, inarefushwa, inachomelewa vyuma vya kujengea nyumba chini ya portbagaji. Hiyo ndiyo kazi yangu, pale mtaa wa Kadutu. Ni kazi pia ya mwenzangu mmoja mwenye atelye, karakana yake, mtaa wa Panzi. Tulifundishwa na mzee mmoja, mimi na yeye, tukipokezana miwani moja ya kuchomelea. Shule yangu iliishia sizyemu ya primeri, darasa la sita, yake vilevile, kwa hiyo siwezi kusema alinizidi kwa masomo.

Pikipiki ya kwanza ya mdogo wangu niliijenga mimi. Niliziba kila tundu la shasi ili maji ya chumvi yasipate mlango. Niliona nimefanya akili. Lakini huku kwetu, kati ya ziwa na mvua, hata nguo sandukuni zinaota ukungu. Unyevu ulikuwa umo ndani ya mabomba tayari, nami nikaufungia humo. Shasi ililiwa kutoka tumboni huku rangi ya nje ikimeremeta. Ilikatika kabla ya kufika Mwenga, njiani kwenda Kamituga. Yeye aliinuka na mchubuko wa kiwiko, samaki wakabaki kwenye matope. Hakunilaumu hata neno moja. Alipopata uwezo wa kutengenezesha nyingine, aliipeleka Panzi.

Hakuniambia. Nilisikia kwa mke wangu, naye alisikia kwa mama muuza makala, yale makaa ya kupikia. Nikasema, "Amefanya vizuri, hata mimi ningefanya hivyo." Mdomoni ilitoka vizuri kabisa. Usiku huo sikumaliza chakula.

Nikaanza kupita Panzi bila shughuli. Mwenzangu aliniona mara ya kwanza, akaendelea kuchomelea. Mara ya pili aliinua kichwa juu ya shasi ya mdogo wangu, mbele ya wamotari waliokuwa wanangoja zao, akaniita kaka wa mwenye pikipiki:

"Yaya wa mwenye moto! Njo uone. Ao umekuja kuchunguza?"

"Nilikuwa ninapita tu."

"Kupita? Nyumba yako iko Kadutu, kazi yako iko Kadutu, hata kanisa yako iko Kadutu. Hapa Panzi unapitaka kwenda wapi?"

Wamotari walicheka. Nilicheka nao, kwa sababu ilichekesha. Kisha nikaisogelea pikipiki, na kicheko kikaniishia.

Nataka niseme haki. Mshono wake ulilala sawa, mawimbi madogo madogo yanayolingana, kama kazi ya fundi wa nguo. Mimi mishono yangu inashika, lakini inafanana na kovu. Yeye hakuziba matundu. Aliongeza mengine chini, maji yakiingia yapate pa kutokea. Na ndani ya mabomba alikuwa amemimina mawese ya moto. Aliigeuza shasi huku na huku, kama vile mtu anavyopaka mafuta sufuria nzima, akamwaga yaliyozidi, akaiacha ilale. Asubuhi mawese yalikuwa yameganda ndani kote, mekundu, mazito kama nta. Kutu ingepita wapi?

Sisi wengine tunatumia vidange, mafuta machafu ya injini. Lakini akina mama wa soko la Kamituga wanakataa samaki anayenuka vidange. Yeye aliwafikiria hao akina mama. Mimi nimejenga pikipiki za makayabo miaka mingi na sikuwahi kuwafikiria. Mawese yako jikoni kwangu kila siku. Kwa nini wazo lile lilipita mlangoni kwangu likaenda kulala kwake? Niliiuliza roho yangu swali hilo nikipiga nyundo, nikila, nikiwa kanisani wenzangu wakiimba.

Basi asubuhi moja mke wangu alitaka kupika. Alichukua chupa ya mawese, akaiweka kando ya babula, jiko letu la makala, kama inavyofanywa katika kila nyumba ya mji huu, kwa sababu hapa baridi inayagandisha na hayamiminiki. Nilikuwa nimekaa na kikombe cha chai. Niliona yale mekundu yanalegea pembeni mwa chupa, yanateleza, yanakuwa maji.

Kamituga hawaweki chupa kando ya babula. Kule chini ni joto, mawese hayagandi. Na mtu anateremkia kule na injini inayochemka chini yake na jua mgongoni. Yale ya ndani ya shasi yatayeyuka, yatatokea kwenye matundu, na matundu ya nyuma yako juu kidogo ya mkono unaoshika gurudumu. Yatafuata mkono huo mpaka kwenye freni, breki ya nyuma. Mdogo wangu atakuwa kwenye mteremko, na mzigo wote wa makayabo unamsukuma.

Chai ilipoa. Maana papo hapo nilijiuliza kama nimeona jambo la kweli, au wivu ndio ulionionyesha nilichotaka kuona. Nikamwuliza mke wangu.

"Kama ingekuwa moto ya mutu mwengine, ungeiona hiyo?" akasema.

"Sijui."

"Basi kwenda useme. Utajua kisha kama ilikuwa wivu."

Mdogo wangu nilimkuta kwake anakagua kamba za mzigo. Pikipiki ilikuwa imetoka Panzi jana yake, na kesho yake alikuwa anaenda safari ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hiyo ni heshima. Kisha akasema:

"Yaya, tangu nipeleke moto Panzi, kila siku uko na kosa mupya. Ulisema kiti iko juu. Kisha ukasema taa inaangalia dirisha ya jirani. Leo ni mawese."

"Kiti iko juu kweli."

"Yaya."

"Ile ya taa nilikosea."

"Hii ni wivu. Siyo mbaya, weye ni mukubwa wangu, nakupenda. Lakini ni wivu."

Sikuweza kukataa. Ingekuwa uongo. Niliweza tu kusema kwamba mawese yanayeyuka hata kama anayesema ana wivu.

Kuna mtu atauliza kwa nini sikurekebisha mwenyewe, pale pale uani kwake. Kwetu mafundi hatugusi kazi ya mkono wa mwingine. Pikipiki ni ya fundi aliyeigusa mwisho. Ikivunjika, ni yeye aliyeivunja, hata kama alikaza skrubu moja tu. Kama ningeshika ile shasi na ikakatika njiani, wote wangesema ni mimi kwa mara ya pili, na mimi mwenyewe nisingejua tena ukweli uko wapi. Ilinipasa kwenda Panzi na maneno matupu.

"Tuipeleke kwake," nilimwambia. "Akisema hapana, nitanyamaza."

"Utanyamaza kabisa?"

"Hata ya kiti."

Hilo ndilo lililomshawishi.

Panzi kulikuwa na watu, kama kawaida. Nilimweleza mwenzangu mbele yao, kwa sababu hakukuwa na pembeni pa kumwitia. Hakukasirika. Alisema hapa mawese hayajawahi kutoka, hata adhuhuri. Nikasema, hapa. Nikaomba babula. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga mikate karibu na atelye alisogeza sufuria yake pembeni.

"Mubebe," akasema, "lakini muirudishe na makala yake. Mikate yangu haiivake na wivu ya mafundi."

Hata yeye alikuwa amejua. Nikaibeba babula.

Tulitoa petroli yote na tangi, tukaisogeza pikipiki nje, tukaweka babula nyuma, na kipande cha bati katikati ili joto lipande polepole. Tukangoja. Niliomba Mungu, nikashindwa kuchagua la kuomba. Yakitiririka, mdogo wangu amepona na mimi ni mtu. Yasipotiririka, mdogo wangu amepona vilevile, na mimi ni yule mwenye wivu wa Kadutu. Haki ni kwamba yote mawili yangemwacha hai. Lakini niliyataka yatiririke.

"Papa, mawese yako inakataa," motari mmoja akaniambia.

Kisha tone likajitokeza, jekundu. Likaning'inia, likaangukia mkono wa gurudumu. Likafuata lingine, halafu uzi mwembamba usiokatika, ukishuka bila haraka mpaka kwenye freni, ukaingia.

Nilifurahi. Nilifurahi kuliko inavyoruhusiwa. Nikamwangalia mdogo wangu, nikitaka aniangalie. Yeye alikuwa anaangalia gurudumu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeiona barabara ya Mwenga.

Mwenzangu alichuchumaa, akagusa uzi ule kwa kidole, akakilamba.

"Imebakia tu chumvi," akasema. Watu wakacheka. Kisha akasimama, akasema mbele ya wateja wake wote, bila kupunguza sauti, "Ni kweli. Hapo sikufikiri."

Basi, hivyo tu. Mimi shasi yangu ilipokatika, nilisema habari za matope, na za ubora wa chuma cha siku hizi, na za mzigo uliozidi. Hata kukosea, alikosea vizuri kunishinda.

Akachukua mashine ya kutoboa, akaninyooshea.

"Weka mukono."

Nikaelewa anachonipa. Nikiweka mkono, pikipiki ni ya wote wawili, na ikianguka tumeanguka wote. Niliziba matundu ya nyuma kwa skrubu, nikatoboa mengine mbele, mbali na magurudumu, nikaweka vipande vya mpira wa petroli vya kuelekeza matone chini. Yeye alifungua freni, akaiosha. Nilipokuwa ninapapasa chini ya kiti kutafuta mahali pa kutoboa, vidole vyangu vilipita juu ya mshono wake ambao hakuna mtu angeuona kamwe. Nao ulikuwa sawa.

Mdogo wangu aliondoka asubuhi. Mimi nilifanya kazi vibaya kutwa nzima, simu ikiwa kwenye mfuko wa shati. Alipiga siku iliyofuata, sauti ikikatikakatika.

"Yaya, nimefika Kamituga."

"Freni?"

"Inashika. Hata pale kwa muteremko mubaya. Mawese inatoka mbele, kidogo kidogo, inaanguka kwa barabara. Samaki ni wazima."

"Mungu asifiwe."

"Eeh. Umwambie fundi."

Simu ikakatika. Nilikuwa nimeomba afike, na alikuwa amefika. Sikuwa nimeomba jina la fundi. Ningeweza kumpelekea mwenzangu habari kesho, au kumwachia mdogo wangu aseme mwenyewe akirudi. Nilifunga atelye, nikateremka Panzi kwa miguu.

Alikuwa amelala chini ya pikipiki ya mtu mwingine, miguu tu inaonekana. Nikaiambia miguu: "Amefika. Freni inashika. Amesema nimwambie fundi."

Alijivuta nje, akajipangusa mikono kwa kitambaa.

"Na weye ulimujibu nini?"

"Kwamba nitamwambia."

Alicheka sana. Aliwageukia wamotari waliokuwa pale, akawaambia kwamba mambo ya babula ni mimi niliyeyaleta, na kwamba sasa hakuna moto itakayotoka kwake bila kupitishwa juu ya makala. Wakaitikia eeh, eeh, kisha mmoja wao akamwuliza yeye, si mimi, kama anaweza kumtengenezea ya namna hiyo. Si kosa la mwenzangu. Alikuwa amesema ukweli wote, kwa sauti kubwa. Nilitamani angekuwa mwizi kidogo, au mwenye majivuno, nipate pa kushikia. Akarudi chini ya pikipiki ile. Nikaona kwamba shasi yake alikuwa ameshaitoboa mbele, kama nilivyotoboa ile ya mdogo wangu.